Nanihii wa Chumba cha Ramani

Kila ofisi ina mtu mmoja ambaye akiingia chumbani, watu hugeuka kutazama nani kafungua mlango, wakidhani ni upepo, kisha huendelea na maongezi yao. Katika ofisi ya maji ya mji wetu mtu huyo alikuwa mtunza ramani. Umri wake arobaini na nne, urefu wa kawaida, sura ya kawaida, na hata kikohozi chake kilikuwa cha kawaida, kile ambacho ukikisikia nyuma yako unadhani umekohoa mwenyewe.

Jina alikuwa nalo. Alipewa na wazazi wake wawili wakiwa na akili zao timamu, likaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha ndoa. Lakini siku alipoajiriwa, bosi wa wakati ule alisimama mbele ya wafanyakazi wote akamshika bega, akasema, "Na huyu hapa ni mwenzetu mpya, anaitwa... anaitwa... nanihii." Watu wakapiga makofi. Basi. Tangu siku ile, kwa miaka kumi na mmoja, akawa Nanihii.

Neno lenyewe mnalijua. Ni kama lile gurudumu la akiba kwenye buti la gari: halipendezi, halilingani na wenzake, lakini linakufikisha. Niletee ile nanihii. Iko juu ya nanihii. Muulize nanihii. Mtu kuitwa hivyo mara moja si tusi. Kuitwa hivyo miaka kumi na mmoja ni ajira ya kudumu.

Getini palikuwa na mlinzi mnene mwenye kofia ndogo, wote wakimwita Afande. Kila asubuhi Afande alimsukumia Nanihii kitabu cha wageni.

"Karibu. Unamwona nani?"

"Mimi ni mfanyakazi hapa, Afande."

"Ndivyo wanavyosema wote. Saini."

Naye alisaini. Kwenye safu ya anayeonwa aliandika "mwenyewe", na kwenye safu ya sababu aliandika "kazi". Mwaka mmoja alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, akapitia vitabu vile, na katika ripoti yake akaandika kwamba ofisi inasumbuliwa na mgeni mmoja anayefika kila siku bila kupata huduma, na kwamba suala lake lishughulikiwe haraka.

Chumba cha ramani kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita vyoo na stoo ya mifagio. Ndani mlikuwa na makabati mapana ya chuma yenye droo nyembamba, na ndani ya droo ramani za mabomba yote ya mji, nyingine zimechorwa kwenye kitambaa na watu ambao siku hizi ni marehemu. Mabomba yalichorwa kwa wino wa buluu, na kila koki, yaani pale bomba linapofungwa na kufunguliwa, iliwekewa duara dogo jekundu. Nanihii alikuwa ametembea juu ya mabomba hayo yote kwa miguu yake, Jumamosi kwa Jumamosi, akisahihisha ramani kwa kalamu. Alijua bomba linalopita chini ya msikiti na lile linalopita chini ya kanisa, na lile moja ambalo kwa sababu zisizojulikana linapita chini ya vyote viwili. Watu walimpigia simu kila saa. "Hapo ni ramani?" "Ndiyo." "Sasa, Ramani, hebu niangalizie..." Wakipata jibu walikata. Hakuna aliyewahi kusema asante kwa ramani.

Hata vikaoni mambo yalikuwa hayo hayo. Kumbukumbu za vikao ziliandikwa na katibu muhtasi wa Bosi, mama mwenye miwani ya mnyororo ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Muhtasari. Kalamu yake ilijua kila mtu. Fulani alisema hivi, fulani akapinga, fulani akaunga mkono. Nanihii aliposema jambo, iliandikwa: "Mjumbe mmoja alisema."

Mwaka huu mkuu wa kitengo cha ramani alistaafu, akaacha kiti chake wazi. Bosi mpya, aliyekuwa na miezi minne tu kwenye ofisi hiyo, alitakiwa kupeleka jina moja kwenye bodi kabla ya mwisho wa mwezi. Waliokitaka kiti walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Nanihii. Wa pili alikuwa Kicheko.

Kicheko alikuwa afisa uhusiano. Alikuwa na kicheko kikubwa kiasi kwamba kilimtangulia koridoni, watu wakaanza kutabasamu kabla yeye hajatokea. Hakuwahi kumaliza kazi yoyote, lakini alizianza zote kwa bashasha, na alikuwa na kipaji cha kusimama karibu na mambo mazuri yanapotokea. Ramani hakuwahi kuifungua maishani mwake. Ila siku moja aliingia chumbani mwa Nanihii akiwa na futi ya kupimia, akaanza kupima ukuta.

"Hapa makochi mawili yataingia," alisema. "Na pale televisheni."

"Makochi ya nini?"

"Ya wageni, ndugu yangu. Nikipata kile kiti, hiki kinakuwa chumba cha kupumzikia wageni wa heshima. Haya makaratasi yote ni nini?"

"Ramani za mabomba."

"Si ziko kwenye kompyuta?"

"Kompyuta ina mabomba ya miaka sita tu. Ya zamani yote yako humu."

"Basi yanatosha!" Kicheko akacheka hadi droo zikatetemeka. "Ya zamani yameshazoea."

Siku hiyo Nanihii alirudi nyumbani hajisikii kula. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe ilikaa sebuleni karibu na dirisha, ikimfanya yeye ajulikane na mtaa mzima, na mumewe ajulikane kama mume wa fundi. Alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye pedeli.

"Baba watoto," alisema, "akipata yule, ramani zako zitafungiwa maandazi."

"Najua."

"Sasa nenda kamwambie Bosi kiti ni chako."

"Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza nimetoka kampuni gani."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Unajua, hata ukipotea mimi nitapata shida. Polisi watauliza, amevaa nini? Nitasema shati. Sura yake? Nitasema anayo. Siku tuliyopanga kukutana mara ya kwanza, nusu saa nzima niliongea na kaka yako nikidhani ni wewe."

"Na kaka hakusema kitu?"

"Alisema mambo mazuri sana. Fanya kitu, mume wangu, kabla ya mwisho wa mwezi."

Ndipo Nanihii alipoona tangazo kwenye nguzo ya umeme: *Kuwa Mtu Asiyesahaulika Kazini. Semina ya Siku Moja na Mkufunzi wa Mvuto.* Semina ilifanyika kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Washiriki walikuwa kumi na wanne, lakini Mkufunzi wa Mvuto alivaa kipaza sauti cha shavuni kana kwamba anahutubia uwanja wa mpira. Alikuwa na meno mengi na alizungumza huku akitembea. Nanihii alipoingia, mkufunzi alimkaribisha kwa furaha, akamwonyesha feni ya darini, akasema ndiyo hiyo, inalia tangu asubuhi.

Mafunzo yalikuwa matamu. Mkufunzi alisema mtu asiyesahaulika ana alama yake, kitu kimoja cha kuvaa ambacho jicho likikiona haliondoki. Alisema pia kwamba mtu huyo hulitaja jina la anayezungumza naye mara tatu katika mazungumzo, na kwamba kwenye kikao huuliza swali lile ambalo kila mtu analiogopa. Na zaidi ya yote, alipaza sauti mpaka spika zikapiga mluzi, hakatai kamwe nafasi ya kuonekana! Nanihii aliandika yote. Jioni wakapewa vyeti. Vya wenzake viliandikwa majina kwa mwandiko wa madaha. Chake kilisomeka: *Kimetolewa kwa Mshiriki.*

Mkewe alimshonea alama. Kilikuwa kizibao chekundu chenye vifungo vya dhahabu, kilichotokana na mabaki ya pazia la mteja fulani. Jumatatu asubuhi Nanihii alikivaa, akapiga moyo konde, akaenda kazini. Getini Afande alimtazama kutoka juu hadi chini, akasimama wima.

"Umependeza sana leo."

"Asante, Afande!"

"Unamwona nani?"

Hata hivyo huo ulikuwa mwanzo mzuri, maana miaka yote hiyo Afande hakuwahi kumtazama kutoka juu. Nanihii alipanda ghorofani akapita mbele ya chumba cha mikutano, ambamo Bosi alikuwa amekaa na wajumbe wa bodi, mlango wazi. Alipita mara ya kwanza. Akarudi, akapita tena, kifua mbele. Mara ya tatu mjumbe mmoja wa bodi akamwona, akapiga vidole.

"Wewe! Chai mbili hapa. Moja bila sukari."

Nanihii alifungua mdomo aseme yeye ni mtunza ramani. Kisha akakumbuka: hakatai kamwe nafasi ya kuonekana. Akaenda, akarudi na chai mbili kwenye sinia, bila kumwaga hata tone. Bosi aliipokea akasema, "Asante sana, nanihii." Mjumbe akaonja, akainua nyusi. "Huyu mmempata wapi? Ya moto kweli." Kufikia Jumatano alikuwa ameitwa mara tano, na mama wa chai wa ofisi alimfuata mpaka chumba cha ramani, mikono kiunoni.

"Kaka, kama unaitaka kazi yangu, sema tuongee kama watu wazima."

Kizibao kikaingia droo ya tatu, chini ya ramani ya soko kuu, na hakikutoka tena.

Akajaribu majina. Huko ndiko alikodhani ana nguvu, kwa sababu yeye, tofauti na wenzake, alijua jina la kila mtu, la baba yake na mara nyingine la babu. Kwa siku mbili alimtajia kila aliyekutana naye jina lake mara tatu, polepole, akimtazama machoni kama alivyofundishwa. Karani wa malalamiko alitaka kujua amekosa nini. Dereva wa Bosi alisali kidogo. Mama Muhtasari alivumilia hadi mara ya pili, akasema, "Ukinitaja tena namwita Afande."

Likabaki swali. Ijumaa palikuwa na kikao cha wafanyakazi wote, na Bosi alipouliza kama kuna mwenye la nyongeza, Nanihii alisimama. Kicheko alikuwa ameketi kando yake, akichora makochi kwenye daftari.

"Naomba kuuliza," alisema Nanihii, "kwa nini ofisi ya maji haina maji chooni tangu Jumatatu?"

Mtu mmoja akaguna. Kisha Kicheko akaangua kile kicheko chake, watu wakamfuata, Bosi naye akacheka mpaka akavua miwani. Lilikuwa swali la kukumbukwa, na kweli lilikumbukwa. Walipokuwa wakitoka, Bosi alimpigapiga Kicheko mgongoni.

"Lile swali lako lilikuwa na ujasiri. Nimelipenda."

"Bosi, mtu lazima aseme," alijibu Kicheko.

Nanihii alikimbilia kwenye karatasi ya kumbukumbu, maana karatasi haicheki. Ilikuwa imeshabandikwa ubaoni. *Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu maji ya chooni.* Akaenda hadi mezani kwa Mama Muhtasari.

"Mama, mbona umeandika mjumbe mmoja?"

Mama alimtazama juu ya miwani. "Kwani wewe ulikuwa wajumbe wangapi?"

Basi mambo yakawa yamefikia hapo, zimebaki siku nne mwezi uishe, na Kicheko tayari ameshaleta sampuli za vitambaa vya makochi, pale bomba kuu lilipoamua kupasuka.

Lilipasuka saa nne asubuhi, siku ya kazi, mbele ya geti la ofisi ya maji. Bodi ilikuwa imetembelea tena na Bosi alikuwa anaiaga barazani. Kwanza lami ilivimba kama chapati. Halafu maji yakaruka juu, urefu wa nguzo ya umeme, yakashuka juu ya gari la Mwenyekiti wa Bodi, juu ya Afande, na juu ya kitabu cha wageni. Wapita njia walisimama wakatoa simu zao kupiga picha. Mtu mmoja alikuja na ndoo.

Mwenyekiti wa Bodi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimgeukia Bosi. "Funga."

Bosi hakujua linafungwaje. Alichojua ni kwamba ndani ya jengo lake kuna mtu wa ramani anayejua, yule... yule... Akaweka mikono mdomoni akapiga kelele iliyofika ghorofa zote.

"Niitieni nanihii! Haraka! Nanihii!"

Hapo ndipo ungeona jinsi lugha yetu ilivyo na ukarimu. Dereva alisikia "nanihii" akajua ni gari, akaliwasha na kulileta katikati ya mafuriko. Mama wa chai alijua ni chupa ya chai. Mtunza bohari alishuka ngazi akiburuta spana ndefu kama mtu, kwa sababu kwake nanihii ni spana, siku zote imekuwa spana. Na Kicheko, ambaye huamini kwamba mtu yeyote akiitwa kwa sauti kubwa ni yeye, alifika wa kwanza kuliko wote, na mwavuli.

Wote hao walilazimika kufikiri. Mtunza ramani hakufikiri. Alisikia kupitia dirishani akatoka mbio, kama mtu yeyote anayesikia akiitwa. Ramani hakuchukua. Alimpokonya mtunza bohari spana, wala hakwenda upande wa Bosi. Alivuka barabara, akahesabu hatua kumi na saba kutoka pembe ya ukuta wa posta, akajikuta ndani ya duka la kinyozi.

"Samahani," alimwambia kinyozi, "koki iko chini ya kiti."

Kiti cha kinyozi kilikuwa kimefungwa kwa skrubu nne juu ya mfuniko wa chuma, na juu ya kiti alikaa mteja aliyekwishanyolewa nusu ya kichwa.

"Mimi siondoki," alisema mteja. "Kwanza nimalizwe."

"Ndugu yangu, mji mzima unafurika!"

"Na mimi niende wapi hivi? Upande mmoja nina nywele, upande mwingine mtoto mchanga."

Walimhamisha na kiti chake, kinyozi kushoto, Nanihii kulia, mteja katikati akilaani, wakamweka nje ukingoni mwa barabara, ambapo alipigwa picha nyingi kuliko bomba. Nanihii akainua mfuniko, akateremka shimoni mpaka kichwa kikazama, akaanza kuzungusha. Mizunguko thelathini na minne. Kwenye wa ishirini mikono ilikufa ganzi. Kwenye wa thelathini na nne, juu barabarani, maji yakapungua, yakawa kama ya bomba la bustani, kisha yakalala.

Ubaya ni kwamba wakati ule Kicheko alikuwa amesimama katikati ya barabara akiyaelekezea maji mwavuli wake na kuyapigia kelele, "Basi! Basi! Nimesema basi!" Na maji yakawa basi. Watu wakashangilia. Bodi ikapiga makofi. Shimoni mwa kinyozi, mtu mmoja alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto.

Mwenyekiti wa Bodi alikamua mkono wa gauni lake. "Aliyejua pa kufunga ndiye apewe kile kiti cha ramani. Ni nani?"

"Ni nanihii, Mwenyekiti," alisema Bosi.

"Nanihii ndilo jina?"

"Jina litakuwa kwenye barua. Kesho asubuhi."

Kesho yake asubuhi Bosi alipita mbele ya meza ya Mama Muhtasari akasema bila kusimama, "Mama, ile barua ya kiti cha ramani, andika apewe nanihii. Bodi inaisubiri." Akafunga mlango.

Mama Muhtasari alikuwa na utaratibu wake kwa mabosi wa namna hii, na alishawahudumia watano. Bosi akisema nanihii, yeye huweka nukta kumi na mbili, mwenyewe atajaza wakati wa kusaini. Lakini barua ya bodi haiwezi kwenda na nukta. Akafikiri kidogo. Kwa upande wake Nanihii alikuwa mmoja tu. Akampigia simu Ramani.

"Njoo hapa. Na kalamu yako."

Nanihii alikuja, akaisoma barua. *Tunapendekeza Bw. ............ ateuliwe kuwa Mkuu wa Kitengo cha Ramani.* Akaketi kwanza.

"Nijaze mimi mwenyewe?"

"Unataka nikujazie? Jina lako mimi silijui."

Aliandika kwa mwandiko ule ule wa kuandikia majina ya mitaa, wa herufi zilizosimama wima. La kwake, la baba, la babu. Yalizidi zile nukta, la babu likaingia pembezoni. Mama akapuliza wino, akaipeleka ndani. Nanihii hakuwa amefika hata kwenye stoo ya mifagio aliposikia sauti ya Bosi.

"Mama! Huyu ni nani?"

"Ni nanihii, Bosi."

"Nanihii namfahamu mimi! Huyu hapa simfahamu kabisa. Nani kaniingizia mtu kwenye barua ya bodi? Ni mpwa wako?"

Mama alisema hana mpwa. Kicheko, ambaye alikuwa humo ndani tangu saa mbili akimchekesha Bosi, alichungulia karatasi, akashika kifua.

"Bosi, haya ndiyo mambo ninayoyasema kila siku. Wewe jana ulimwita nani? Nanihii. Nani alifika wa kwanza? Mimi. Na mwavuli. Sasa huyu wa karatasi katokea wapi?"

Nanihii alisimama mlangoni. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameliogopa lile neno, amelivalia kizibao ili alikimbie, amelilipia semina. Sasa jina lake halisi lilikuwa mezani na lilionekana kama la tapeli, na lile la bandia lilikuwa linachukuliwa na mtu mwingine mbele ya macho yake. Akaingia bila kubisha hodi.

"Bosi, Nanihii ni mimi."

Bosi alimtazama. "Wewe si wa chai?"

"Wa chai, ndiyo. Na wa ramani. Nanihii ni mimi, Bosi, muulize yeyote. Muulize Mama."

"Ndiye," alisema Mama Muhtasari. "Namjua tangu anaanza kuitwa."

Kicheko alicheka. "Jamani! Kila mtu humu ameshaitwa nanihii. Hata mimi nyumbani kwangu mke wangu ananiita nanihii. Basi sote ni wakuu wa ramani?"

Bosi aliwatazama, mmoja hadi mwingine. Kichwani mwake nanihii alikuwa mtu mmoja mwenye mwili wa huyu na kelele za yule, na kumtenganisha kulimuumiza. Simu yake ikalia, akaikata. Ikalia ya Mama, naye akaikata. Tangu alfajiri simu zote za jengo zilikuwa zinalia.

"Bosi," alisema Nanihii, "muulize koki aliyoifunga iko wapi."

"Swali zuri," alisema Bosi. "Koki iko wapi?"

Kicheko alifungua mikono yote miwili kama mtu anayekaribisha harusi. "Koki? Aa, Bosi, koki si iko pale... ukitoka hivi... pale kwenye nanihii."

Mama Muhtasari aligeuza ukurasa wa daftari lake.

"Niandike hivyo hivyo?"

"Iko chini ya kiti cha kinyozi," alisema Nanihii, "hatua kumi na saba kutoka pembe ya posta, inafungwa kwa mizunguko thelathini na minne, na uzi wake umelika, ukilazimisha inavunjika. Na Bosi, nisamehe, lakini mafundi walimaliza kuunga bomba jana jioni. Toka jana koki imefungwa. Nimekuwa nikipiga simu kuomba ruhusa ya kuifungua, kila ninayempigia ananiuliza mimi ni nani."

"Unasema nini?"

"Nusu ya mji haina maji. Hizo simu zote ndizo hizo."

Bosi alizigeukia zile simu kama aliyegundua nyoka mezani. Ikalia ya kwake tena; safari hii akasoma jina kwenye kioo, akakaa wima. "Ni Mwenyekiti," alinong'ona. "Anaoga saa mbili na nusu."

Kicheko alisema anatoka kidogo kupokea mgeni, akatoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesikia kicheko chake koridoni.

Bosi alivuta barua, akaisaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa. Akazunguka meza, akampa Nanihii mkono, mkono mzima, wa kubana.

"Hongera sana, Bwana..."

Akasimama hapo. Mkono alikuwa bado ameushika. Kwa mkono wa pili aliifikia barua, akaisogeza karibu na macho, akavaa miwani, akasoma polepole kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa: la kwake, la baba, na la babu mpaka pembezoni.

"Nimepatia?"

"Umepatia, Bosi."

"Haya, kimbia kafungue maji."